Watoto Wanaobaki Nyuma na Mambo Yasiyoandikwa Ubaoni

Hotuba ya Kamati ya Elimu, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Turbo



Mbele ya mkutano huu limeletwa pendekezo kwamba Hazina ya Karo ya chama chetu iwasaidie tangu sasa wale watoto tu wenye alama nzuri, na kwamba mtoto yeyote ambaye alama zake zimeshuka mihula miwili mfululizo jina lake lifutwe katika orodha. Kamati ya Elimu tuliombwa tulipime jambo hili na kuleta maoni. Tumelipima. Hatukubaliani nalo, na twaomba ruhusa ya mkutano kueleza kwa nini, kisha kueleza ni nini twataka kifanywe mahali pake.

Tusidhaniwe kwamba twawadharau walioleta pendekezo. Fedha za hazina hii hazikuokotwa njiani. Zimetoka katika magunia ya mahindi, katika maziwa, katika faida ndogo ya maduka, na katika mishahara ya ndugu zetu walioko Eldoret na Nairobi ambao wangeweza kuwatumia watoto wao wenyewe. Mtu akitoa fedha kama hizo, kisha akasikia kwamba kijana aliyelipiwa ndiye aliyeshika mkia darasani, moyo humwuma, wala hana kosa kwa kuumwa. Lakini kabla ya kufuta jina la mtoto yatupasa kujua ameshindwa na nini. Karo humfikisha mtoto mlangoni mwa darasa. Yako mambo mengine yanayomfikisha kwenye somo lenyewe, na mambo hayo hayanunuliwi dukani wala hayaandikwi ubaoni.

Tulianza kwa kuwatazama watoto wenyewe. Tuliomba madaftari yao, tukaketi na baadhi ya walimu, tukazungumza na wazazi, na mara nyingi na nyanya, kwa kuwa baadhi ya watoto wa orodha yetu hulelewa na nyanya zao. Katika madaftari tulikuta jambo moja likirudi tena na tena. Kurasa za mwanzo wa muhula zimeandikwa vizuri, hesabu zina alama za vyema. Kisha panakuja pengo: siku mbili, juma zima, na katika daftari moja kurasa kadhaa tupu kabisa. Baada ya pengo, karibu kila hesabu ni makosa. Ukiuliza habari za pengo hilo utaambiwa ni wakati wa kupanda, au malaria, au kurudishwa nyumbani kwa ajili ya kitabu kilichopotea. Mtoto aliporudi alikuta wenzake wamekwisha kwenda mbele, naye akakaa kimya akinakili asichokielewa mpaka siku ya mtihani.

Tulimwuliza mmoja wao kwa nini hakuomba daftari la mwenzake ili anakili yale yaliyompita. Akajibu kwamba angechekwa. Tukamwuliza wa pili, naye akasema hakujua kama jambo hilo laruhusiwa. Twaomba wanachama wayafikiri majibu hayo mawili. Hakuna hata moja kati yake linalohusu akili ya hesabu.

Maana akili wanazo. Turbo yetu iko juu ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye na kuendelea hata Malaba, na kila mmoja wetu amewaona watoto hawa hawa siku za Jumamosi wakiuza ndizi na mahindi ya kuchoma kwa abiria. Gari lasimama dakika mbili. Mtoto ataja bei, apunguza, apokea noti, arudisha chenji kwa watu watatu kwa wakati mmoja, na gari likiondoka hakuna aliyemdhulumu wala aliyedhulumiwa. Siku ya Jumatatu mtoto huyo akiulizwa na mwalimu kutoa 365 katika 1,000 hukodoa macho. Hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali, na hofu, na lugha.

Kuhusu lugha tuseme kidogo. Mtoto wa hapa aghalabu huamka na Kinandi, au Kiluhya, au Kikuyu, akanunua chumvi sokoni kwa Kiswahili, kisha akafundishwa sayansi kwa Kiingereza. Mtu mzima akipewa kazi ya namna hiyo angeomba muda wa kujifunza. Mtoto hapewi muda, hupewa alama.

Ukiifuata barabara yetu mpaka kwenye mpaka wa Uganda utafika Kaunti ya Busia, na huko yalifanyika mambo ambayo kila chama cha misaada chafaa kuyajua. Kuanzia mwaka 1996 shule kadhaa za msingi za sehemu hizo zilipewa vitabu vya kiada, na wachunguzi watatu, Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin, wakazilinganisha na shule ambazo zilikuwa bado hazijapewa. Kila mtu angesema kwamba shule zenye vitabu zitashinda. Taarifa yao, iliyochapishwa mwaka 2009, yasema kwamba kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa mbele tangu hapo. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi hawakuweza kuvisoma. Yaani msaada mwema, uliotolewa kwa moyo safi, ulimwongezea aliyekuwa nacho na kumpita aliyekuwa hana. Pendekezo lililo mbele yetu lingefanya vivyo hivyo, tena kwa kukusudia.

Huko huko magharibi, mwaka 2005, katika shule 121, Kremer pamoja na Esther Duflo na Pascaline Dupas walijaribu njia nyingine. Katika nusu ya shule hizo watoto wa darasa la kwanza waligawanywa kwa kadiri ya walipofikia, ili mwalimu afundishe kuanzia pale mtoto alipo. Waliokuwa chini walipanda, na waliokuwa juu nao walipanda. Basi mtoto aliyebaki nyuma si mti uliokauka. Akifikiwa mahali alipo, huondoka pale.

Sasa twaja kwenye kiini cha maneno yetu. Wataalamu wa elimu siku hizi huziita stadi za maisha: kujua kuuliza, kujua kupanga wakati, kustahimili kushindwa bila kukata tamaa, kuzuia hasira, kufanya kazi na mwenzako, kujisemea mbele za watu. Wengine wetu tukisikia jina hilo hudhani ni mtindo mpya wa mjini. Hata sisi hatulipendi sana jina lenyewe. Lakini jambo lenyewe ni la zamani, na wazee waliomo humu walifundishwa kabla ya kushika kalamu. Mtoto aliyepewa ng'ombe wa baba yake awachunge alijifunza kuangalia jua, kukumbuka idadi, na kurudi kueleza yaliyotukia bila kuficha. Vitendawili vya jioni vilimfundisha kukosea mbele za watu na kucheka pamoja nao, kisha kujaribu tena. Vijana waliotengwa wakati wa tohara walipewa walimu, na walimu hao hawakuwafundisha kusoma. Mafunzo hayo yalikuwa na saa zake na watu wake. Leo saa hizo zimechukuliwa na shule, na shule yenyewe ina kazi nyingine.

Lakini hapa pana jambo gumu, nasi hatutalizunguka. Katika adabu zetu mtoto mwema ni yule asiyemkazia macho mkubwa, asiyehoji, asubiriye kuambiwa. Adabu hiyo ni njema nyumbani, na asiondolewe mtoto. Tatizo ni kwamba yule anayeichukua nzima nzima hadi darasani ndiye anayeachwa. Mwalimu mwenye watoto wengi hutazama mikono iliyoinuliwa. Mtoto mkimya hamsumbui, kwa hiyo hamwoni. Tumewaona wasichana hasa, watiifu, wasafi, wanaosifiwa na kila mtu kwa utulivu wao, wakishuka muhula kwa muhula bila mtu kushtuka, kwa kuwa hawakufanya kosa lolote. Yatubidi tuwafundishe watoto kwamba kuuliza kwa heshima ni adabu pia, na kwamba maneno kama "Mwalimu, samahani, hapo sijaelewa" hayamvunjii mtu mzima heshima. Na fundisho hilo halitaaminika likitoka kwa mwalimu peke yake. Mtoto ataliamini akilisikia kinywani mwa babu yake.

Wako watakaosema kwamba fimbo ingemaliza habari yote. Sheria ya Kenya iliikataza fimbo shuleni mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 pamoja na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikakaza katazo hilo. Hata pasingalikuwa na sheria, kwa habari ya mtoto huyu fimbo haina kazi. Fimbo yaweza kumfanya mtoto awahi kufika. Haiwezi kumfanya aseme hajaelewa; humfundisha kuficha, naye hukwisha kuijua kazi hiyo vizuri mno.

Eldoret, mji wetu mkubwa, ilitoa mfano ambao dunia nzima iliutazama. Mwezi wa Januari mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi, Kimani Ng'ang'a Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigana katika Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywa. Mwalimu mkuu, Bi. Jane Obinchu, alimpokea. Mzee alivaa soksi na kaptura kama sare ilivyotaka. Alisema ataka kuisoma Biblia mwenyewe, na kujua kuhesabu fedha zake. Mwaka 2005 alipelekwa New York akasema mbele ya wakuu wa Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya watoto maskini. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimwondoa Eldoret kama zilivyowaondoa wengi. Akaenda Nairobi, na huko Kariobangi akaingia shule tena. Alifariki Agosti 2009.

Twamtaja kwa sababu moja. Maruge hakuwa na macho makali, wala mkono mwepesi wa kuandika, wala miaka mingi ya kutumaini. Ukimpima kwa yale ambayo shule hupima siku ya kwanza, alikuwa wa mwisho. Lakini alijua kwa nini amekuja, hakuona haya kuketi na watoto wa umri wa vitukuu vyake na kuuliza, na alipoangushwa alitafuta shule nyingine. Watoto wa orodha yetu wana macho mema na miaka mingi mbele yao. Yale mengine matatu ndiyo wasiyo nayo, na Maruge hakuyapata katika kitabu cha darasa la kwanza.

Je, mambo hayo yaweza kufundishwa, au mtu huzaliwa nayo? Swali hilo liliulizwa na mzee mmoja wa chama hiki, na ni swali la haki. Katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan huko Marekani, kati ya mwaka 1962 na 1967, watoto 123 wa familia maskini za watu weusi waligawanywa makundi mawili. Watoto 58 waliingizwa katika shule ya chekechea, na walimu wakawatembelea mama zao nyumbani kila juma, 65 hawakuingizwa. Kila siku mtoto alitakiwa kwanza aseme atafanya nini, kisha akifanye, kisha awaeleze wenzake alichofanya. Baada ya miaka michache walipimwa akili, na ile tofauti iliyoonekana mwanzoni ilikuwa imetoweka. Wengi wakasema kazi imepotea. Lakini walipofuatiliwa hata umri wa miaka 40, wale 58 walikuwa wamemaliza shule kwa wingi zaidi, wakipata mishahara mikubwa zaidi, na waliokamatwa na polisi walikuwa wachache zaidi. Mchumi James Heckman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, aliichambua habari hiyo akaona kwamba kilichodumu kilikuwa tabia ya kujitawala na kupatana na watu.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kwa kila jambo. Vijana wetu wote wanamjua Eliud Kipchoge, mwana wa Nandi, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019 mjini Vienna alikimbia mwendo wa maratoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wanaijua miguu yake. Wachache wanajua kwamba tangu mwaka 2003 alikuwa akiandika mazoezi yake katika daftari, na kwamba katika kambi ya Kaptagat alishika zamu yake ya usafi kama mwanariadha yeyote. Tumeona kwamba mtoto ambaye hasikii neno la mwalimu juu ya kupanga wakati husikiza sana habari ya daftari hilo, na hili si jambo dogo kwa mtu anayetafuta mahali pa kuanzia.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 2008 Stadi za Maisha ziliwekwa kuwa somo katika shule. Lakini somo hilo halikutahiniwa, na sote twajua ni nini huwapata masomo yasiyotahiniwa pale mtihani unapokaribia: vipindi vyake huazimwa na hesabu, wala havirudishwi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019 na kuuondoa ule mtihani wa KCPE uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, umeweka mambo haya katika kila somo. Wataja umilisi saba, na miongoni mwake ni mawasiliano na ushirikiano, kujiamini, na kujifunza namna ya kujifunza. Kwenye karatasi ni jambo zuri mno. Lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumsikiliza kila mtoto akijieleza, hata akipenda, na walimu tuliozungumza nao wanapenda. Saa hiyo ya kusikiliza ndiyo inayokosekana, na saa ni kitu ambacho chama hiki kinacho kuliko fedha.

Hatutaki kuwaahidi wanachama miujiza. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya wanafunzi karibu 12,000 wa sekondari huko Marekani waliopewa masomo mafupi ya kuwaonyesha kwamba akili hukua kwa kutumiwa. Waliokuwa nyuma walipanda, lakini walipanda kidogo tu, na pale ambapo wenzao darasani hawakulitilia maanani jambo hilo faida ilipungua zaidi. Karibu nasi, katika shule ya sekondari moja ya Kibera, Tom Osborn na wenzake walianzisha mafunzo waliyoyaita Shamiri. Wanafunzi 51 wenye dalili za huzuni au wasiwasi waligawanywa. Kundi moja lilifundishwa mbinu za kusoma. La pili lilikutana mara nne tu, likiongozwa na vijana waliomaliza shule karibuni, wakizungumza juu ya kukua kwa akili, juu ya shukrani, na juu ya yale mtu anayoyathamini maishani. Taarifa ya mwaka 2020 yasema kwamba kundi hili la pili lilipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko lile la kwanza, na hata alama zao zilipanda zaidi. Waliongoza vijana, si madaktari. Hilo latutia moyo, ijapokuwa wanafunzi 51 si wengi, na Turbo si Kibera.

Tena kuna yale ambayo stadi hazitayaondoa. Mtoto mwenye njaa hafundishiki uvumilivu, amekwisha kuwa nao kupita kiasi. Mtoto asiyeona ubao ahitaji miwani. Tulimkuta mmoja wa namna hiyo katika orodha, naye kwa muda mrefu alisemwa kuwa mvivu.

Jambo moja zaidi, nalo ni la mji huu. Wanachama hawana haja ya kukumbushwa Januari 2008, wakati nyumba na maduka ya Turbo yalipochomwa na watu wakaishi kambini chini ya turubai. Watoto tunaowalipia karo leo hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wakinyonya. Lakini wanakulia katika nyumba ambamo habari hizo huzungumzwa kwa sauti ya chini, kila nyumba kwa namna yake, na huzibeba hadi darasani. Mwalimu akisema watoto wafanye kazi kwa makundi, tazama nani anaketi na nani. Chama chetu kina watu wa makabila yote ya mji huu, na kwa sababu hiyo hasa chaweza kufanya lile ambalo familia moja haiwezi: kuwaketisha watoto hao meza moja, mmoja amweleze mwenzake hesabu iliyomshinda. Mtoto aliyeelezwa hesabu na mtoto wa jirani, akaielewa, amepata vitu viwili kwa mara moja.

Basi, Bwana Mwenyekiti, haya ndiyo tunayoyaleta badala ya pendekezo la kufuta majina.

Mtoto ambaye alama zake zimeshuka asiondolewe, bali atembelewe. Ndani ya mwezi mmoja baada ya matokeo, wanachama wawili waende nyumbani kwake, waketi na mlezi, walifungue daftari, watafute pengo. Wasiende kuhukumu. Waulize tu ni siku gani mambo yalianza kuharibika na nani aliambiwa.

Kila Jumamosi mchana wakati wa muhula, watoto wa orodha wakutane katika nyumba yetu ya mikutano, kwa makundi ya watoto sita, kila kundi likichanganywa shule, umri na kabila. Wazazi watoe idhini kwanza, na watu wazima wasipungue wawili wakati wowote, milango ikiwa wazi. Wanafunzi wetu wakubwa walio karibu kumaliza, au waliomaliza karibuni, waongoze makundi, nao wapewe nauli na chakula. Kazi ya siku iwe ndogo. Kila mtoto alete hesabu moja au swali moja lililomshinda juma hilo, na aeleze mbele ya wenzake alipokwama. Aeleze kwa lugha yoyote, ilimradi wenzake wanaielewa, kisha wajaribu kwa Kiingereza pamoja. Kabla ya kutawanyika kila mmoja aandike katika daftari dogo ni jambo gani atamwuliza mwalimu juma lijalo, na Jumamosi ifuatayo aseme kama aliuliza na alijibiwa nini. Tumeamua daftari hilo lisisahihishwe na mtu.

Mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, awepo kila mara. Hatumwombi afundishe. Twamwomba atege vitendawili dakika chache, ajiache akosolewe na watoto kwa heshima anapokosea jibu la hesabu mpya, na asikilize. Tumezungumza na akina nyanya wanne nao wamekubali kuanza zamu. Wazee wanaume bado hawajajiandikisha, na karatasi iko mezani kwa katibu.

Sehemu moja katika kumi ya Hazina ya Karo itengwe kwa chakula cha Jumamosi, miwani kwa wale watakaoonekana kuihitaji baada ya kupimwa, na madaftari. Tunajua kwamba sehemu hiyo ingeweza kulipa karo ya watoto kadhaa. Tumeihesabu mara mbili kwa sababu hiyo hiyo, na tungali twaiomba.

Mpango huu uendeshwe kwa mihula mitatu. Mwishoni Kamati ya Elimu italeta mbele ya mkutano kama huu madaftari yenyewe, ya mwanzo na ya mwisho, pamoja na alama za shule, za kila mtoto, waliopanda na wasiopanda, ili wanachama wajionee bila kutegemea maneno yetu. Ikiwa mapengo katika madaftari yatakuwa ni yale yale, pendekezo la kufuta majina lirudishwe mezani, nasi hatutasimama kulipinga.

Twaomba mkutano upige kura juu ya mambo haya kabla ya hesabu za fedha kusomwa, kwa kuwa mweka hazina atahitaji kujua ile sehemu ya kumi aiandike upande gani.